Kiswahili hakiwezi hisabati? Nani kasema?

Wapendwa, nimekuwa kimya siku kadhaa humu kibarazani. Si kwamba nilizidiwa na kazi. Nilikuwa na hasira, na mama alinifundisha kwamba mwenye hasira asishike kalamu. Leo hasira imepoa kidogo, basi nimeishika.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilimpelekea mhariri mmoja (jina kapuni, na gazeti lake kapuni) makala fupi kuhusu Israel Gelfand. Huyu alizaliwa mwaka 1913 katika mji mdogo wa Okny, ambao leo uko Ukraine. Sekondari hakumaliza. Alifika Moscow akiwa kijana, akabangaiza vibarua, na alipofika umri wa miaka 19 tayari alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa hisabati chini ya Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa karne iliyopita. Mimi niliona hiyo ni habari. Mhariri akasoma aya mbili, akavua miwani.

"Mdogo wangu, hapa kwenye maisha yake sawa. Lakini hii hisabati yenyewe itoe. Kiswahili ni lugha ya siasa, mapenzi na taarabu. Mambo haya hayana Kiswahili."

"Lakini kaka, nimeshayaandika kwa Kiswahili."

"Ndiyo. Na nani atakuelewa?"

Nikamshukuru, nikachukua karatasi zangu, nikaondoka. Kwenye daladala ndipo majibu yote yakanijia, kama kawaida ya majibu. Sasa jibu langu ni hili: hiyo hisabati aliyoitoa naileta hapa, nzima, pamoja na uthibitisho wake. Wewe msomaji utakuwa hakimu. Ukifika mwisho hujaelewa, basi mhariri kashinda. Ukielewa, naomba ujiulize tumedanganywa kwa muda gani.

Haya, twende.

Fikiria ramani ya kisiwa. Leo saa sita mchana, kila nukta ya kisiwa ina joto lake: hapa nyuzi 29, pale 31. Huko kuipa kila nukta namba yake ndiko kunaitwa fankisheni. Joto ni fankisheni moja. Urefu kutoka usawa wa bahari ni nyingine. Umbali wa kila nukta kutoka mlangoni kwako ni nyingine tena. Tunazitaka zile zisizoruka tu: ukisogea hatua ndogo, namba nayo ibadilike kidogo, isirukie mbali ghafla. Fankisheni za namna hii juu ya kisiwa hazina idadi.

Fankisheni mbili unaweza kuzijumlisha, nukta kwa nukta. Unaweza kuzizidisha vilevile. Matokeo yake ni fankisheni nyingine isiyoruka. Mkusanyiko wote huo, pamoja na kujumlisha na kuzidisha kwake, wanahisabati wanauita pete.

Sasa anakuja mtu anakunyang'anya ramani. Hakuachii hata nukta moja. Anakuachia ile pete tu, yaani orodha ya wanachama wasio na sura, na majedwali mawili: huyu ukimjumlisha na yule unampata fulani, huyu ukimzidisha na yule unampata fulani. Hakuambii vipimo vilichukuliwa wapi. Hakuambii nani ni joto na nani ni urefu. Halafu anakuuliza: je, unaweza kunichorea kisiwa?

Kabla hujajibu, tuelewane kuhusu neno kuchora. Hatudai kilomita. Topolojia ni jiometri ya mpira. Umbo unaweza kulivuta na kulifinya upendavyo, mradi usilikate wala kuligandisha. Swali ni kama tunaweza kuzipata nukta zote na kujua nani yuko jirani na nani.

Akili ya kawaida inasema haiwezekani. Lakini mwaka 1939 Gelfand na mwalimu wake Kolmogorov walichapisha makala ya kurasa chache wakionyesha kwamba inawezekana, kwa aina nzima ya maumbo. Pete mbili zikifanana kwa kujumlisha na kuzidisha kwake, basi na maumbo yaliyozizaa yanafanana. Umbo lote limo ndani ya aljebra yake.

Tuanze na jambo dogo ili uone si uchawi. Chukua visiwa viwili, Unguja na Pemba, pamoja na fukwe zake. Vile vidogo visahau kwa sasa. Kwenye ile orodha yako tafuta wanachama ambao ukiwazidisha kwa wenyewe wanabaki vilevile. Namba zenye tabia hiyo ni mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo fankisheni ya namna hii ni 0 au 1 kila mahali. Lakini ndani ya Unguja haiwezi kutoka 0 kwenda 1 bila kupita nusu, maana haturuhusu kuruka. Basi Unguja nzima ni 0 au nzima ni 1, na Pemba vivyo hivyo. Jumla unapata wanachama 4 wa aina hiyo. Kama kisiwa kingekuwa kimoja, wangekuwa 2. Ongeza Mafia, wanakuwa 8. Umeona? Hujaona ramani, hujui bahari iko wapi, lakini kwa jedwali la kuzidisha peke yake umejua vipande vya nchi ni vingapi.

Hicho kilikuwa kionjo. Sasa tuzitafute nukta zenyewe.

Chagua nukta moja kisiwani, tuseme pale mlangoni kwako. Kusanya fankisheni zote ambazo zina sifuri hapo. Mkusanyiko huu una tabia ya genge. Wanachama wawili ukiwajumlisha, matokeo ni mwanachama, maana sifuri na sifuri ni sifuri. Mwanachama ukimzidisha na mtu yeyote wa nje, matokeo yanavutwa ndani, maana sifuri mara chochote ni sifuri. Genge lolote lenye tabia hizi mbili unaweza kulitambua kwenye majedwali yako bila ramani. Na genge hili la mlangoni kwako lina sifa moja zaidi. Ni kubwa kiasi kwamba ukiliongezea mtu mmoja tu wa nje, linameza pete nzima. Tuliite genge kuu.

Kwa hiyo kila nukta ina genge lake kuu, na nukta mbili tofauti zina magenge tofauti. Kinachobaki ni swali gumu: je, kuna genge kuu lisilotoka kwenye nukta yoyote? Kama lipo, tumekwama, maana tutachora nukta za uongo.

Hapa ndipo linapoingia sharti. Umbo letu lazima lifumbatike, yaani likae kiganjani. Maana yake ni hii. Panga walinzi, kama sungusungu, kila mmoja na eneo lake, hata wawe wengi bila mwisho, mpaka kila nukta iwe na mlinzi na nafasi kidogo pembeni yake. Umbo linafumbatika kama, kwa mpango wowote wa namna hiyo, unaweza kuwaruhusu walinzi waende kulala ukabaki na wachache wenye idadi, wanane au elfu, na bado hakuna nukta iliyoachwa. Kisiwa pamoja na ufukwe wake kinafumbatika. Mstari usio na mwisho haufumbatiki. (Sharti jingine dogo ni kwamba nukta mbili tofauti ziweze kupewa maeneo yasiyogusana. Kisiwani halina shida.)

Sasa chukua genge lolote ambalo wanachama wake hawana sifuri ya pamoja mahali popote. Maana yake, kila nukta yupo mwanachama anayekataa kuwa sifuri pale. Na kwa kuwa haruki, anakataa pia katika ujirani wa nukta ile. Huyo ni mlinzi! Walinzi wamejaa kisiwa chote, na kisiwa kinafumbatika, basi wanatosha wachache. Mzidishe kila mmoja kwa mwenyewe. Bado ni wanachama, na sasa hakuna aliye hasi. Wajumlishe wote. Matokeo bado ni mwanachama, na kila mahali ni zaidi ya sifuri. Kitu ambacho si sifuri popote unaweza kukigawia moja. Mzidishe mwanachama huyu na mgawanyo huo, unapata 1. Basi 1 imo ndani ya genge. Na 1 ikishaingia, mzidishe na yeyote umtakaye, naye kaingia. Genge limemeza pete nzima.

Kwa hiyo genge ambalo halijameza pete nzima lazima liwe na sifuri ya pamoja mahali fulani. Magenge makuu yote yanatoka kwenye nukta. Nukta za uongo hakuna. Orodha ya magenge makuu ndiyo orodha ya nukta za kisiwa.

Na ujirani? Nukta imegusana na kundi la nukta kama kila fankisheni iliyo mwanachama wa magenge yote ya kundi hilo ni mwanachama wa genge la nukta ile pia. Hilo nalo unalisoma kwenye orodha. Ramani imerudi.

Basi. Huo ndio uthibitisho. Umesoma hisabati ambayo watu wanakutana nayo chuo kikuu, tena si mwaka wa kwanza. Mhariri, uko wapi?

Sasa nijibu wanaobisha, maana nawajua.

Wa kwanza anasema: umekopa maneno. Ndiyo, nimekopa fankisheni, topolojia na aljebra. Je, wenzetu Wazungu hawakukopa? Topolojia waliiokota kwa Wagiriki. Aljebra ni neno la Kiarabu, linatokana na jina la kitabu cha al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9. Na sifuri yetu tuliyoipata kwa Waarabu ndiyo mama wa neno wanalotumia Waingereza na Wafaransa kwa kitu hicho hicho. Wao waliliburuza kupitia Kilatini na Kiitaliano mpaka likachakaa. La kwetu liko karibu zaidi na chimbuko. Hisabati, nukta, sifuri, idadi, hakuna aliyeona aibu kuyachukua, na leo nani anayaita mageni?

Na pete je? Wanahisabati wa Ulaya nao wanaita pete, kwa neno lao la kawaida la mtaani. Mjerumani David Hilbert ndiye aliyeanza kulitumia, mwaka 1897. Hakushusha neno kutoka mbinguni. Alichukua la nyumbani akalipa kazi. Mimi nimechukua genge na walinzi nikawapa kazi. Dhambi yangu ni ipi?

Wa pili anasema: vitabu na majarida viko kwa Kiingereza, utafika wapi na magenge yako? Huyu ana hoja, na sitaki kumdharau. Lakini tumwangalie Stefan Banach. Alikuwa Mpolandi wa mji wa Lwów, ambao leo ni Lviv, Ukraine. Nchi yake ilirudi kwenye ramani mwaka 1918 tu, baada ya kugawanwa na madola makubwa kwa zaidi ya miaka 120. Kipolandi hakikuwa lugha ya sayansi ya dunia. Banach na wenzake walibishana hisabati kwa Kipolandi, mkahawani, kahawa mezani. Kitabu chake kikubwa alikitoa kwa Kipolandi mwaka 1931, na mwaka 1932 kikatoka kwa Kifaransa ili dunia ikisome. Ndani ya toleo hilo la Kifaransa kuna ndugu mkubwa wa habari tunayoisimulia: kwa baadhi ya maumbo yanayofumbatika, ukijua tu namna ya kujumlisha fankisheni na ukubwa wa kila moja, umbo linarudi. Mwaka 1937 Mmarekani Marshall Stone akaitanua kwa maumbo yote yanayofumbatika. Leo inaitwa kwa majina yao wawili.

Basi jibu ni hilo. Fikiri kwa lugha ya nyumbani, kisha wapelekee wengine kwa lugha yao. Wapolandi hawakuchagua moja wakatupa nyingine. Nasi hakuna aliyesema Kiingereza kitupwe.

Wa tatu anasema: hisabati hiyo ina faida gani kwa Mtanzania? Huyu ananichosha, lakini haya. Mwaka 1943 Gelfand na Mark Naimark waliendeleza wazo hili hadi kwenye aljebra ambazo kuzidisha kwake hakujali utaratibu wetu: huyu mara yule si sawa na yule mara huyu. Hiyo ndiyo aljebra ya fizikia ya atomu tangu mwaka 1925. Hapo magenge ya nukta hayatoshi tena, lakini aljebra ipo, na Mfaransa Alain Connes amejenga jiometri nzima juu yake, jiometri ya maumbo ambayo nukta zake hazikamatiki. Watu wanaoulizwa "faida gani" kila siku ndio waliotupa lugha ya kueleza dunia ilivyo kwa ndani. Na swali hilo mbona hatuwaulizi wacheza mpira?

Sasa niseme na upande wangu, maana bishano la haki halifichi udhaifu. Nadharia hii ina mpaka. Umbo likiwa halifumbatiki, mambo yanaharibika. Chukua namba 1, 2, 3 na kuendelea bila mwisho, na fankisheni zake ambazo hazizidi kikomo fulani. Kusanya zile ambazo kuanzia mahali fulani kwenda mbele ni sifuri tupu. Ni genge halali, na halijameza pete. Lakini halina sifuri ya pamoja kwenye namba yoyote. Ukilikuza mpaka liwe genge kuu, linaelekeza mahali ambapo hapapo, nukta ya mbali isiyo namba. Mwaka 1937 Stone huko Marekani na Eduard Čech wa Chekoslovakia, kila mmoja kivyake, walionyesha umbo linalopatikana ukizikubali nukta hizo zote. Pete ya fankisheni zenye kikomo ni ile ile, umbo ni tofauti. Mwaka 1948 Edwin Hewitt akaonyesha kwamba ukizikubali na fankisheni zisizo na kikomo, maumbo mengi zaidi yanarudi salama, yakiwemo hata hayo ya 1, 2, 3. Lakini si yote.

Genge lisilo na nukta. Nikifika hapo huwa namkumbuka mdogo wangu. Darasa la saba alikuwa wa pili kwa hisabati. Alijifunza kwa Kiswahili, akawa anatufundisha sehemu na asilimia sisi tuliomzidi. Akaingia kidato cha kwanza, shule ya serikali, akakuta kila somo ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Juzi alinisomea fasili kutoka daftarini, neno kwa neno, bila kukosea hata koma. Nikamwuliza: maana yake nini? Akanitazama.

"Kaka, hiyo haiulizwi. Inaandikwa."

Ana maneno yote. Yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe, yanapata alama. Hayaelekezi popote. Na tumejenga nchi nzima ya watoto wa namna hiyo, halafu tunawaambia hisabati ni ngumu.

Wakati huo huyu Gelfand, aliyekuwa na kila sababu ya kujifungia na wakubwa wenzake, mwaka 1964 alianzisha shule ya hisabati kwa njia ya posta. Watoto wa vijiji na miji ya mbali na Moscow walitumiwa maswali, wakajibu kwa barua, majibu yakasahihishwa yakarudi. Aliendelea kujali vijana hata alipohamia Marekani, alikofariki mwaka 2009 akiwa na miaka 96. Hakusema hisabati haina lugha ya watoto wa vijijini. Alinunua stempu.

Gelfand na Kolmogorov walitufundisha kwamba nukta hazihitaji majina. Zifute, zipe majina mengine, mradi mahusiano yao yamebaki, umbo lile lile litarudi. Basi na mawazo ni hivyo hivyo. Mahusiano yakibaki, lugha yoyote inayabeba. Anayesema Kiswahili hakibebi hajakipima. Kapima uvivu wake.

Ninaomba mambo mawili tu. Walimu wa kidato cha kwanza waruhusiwe kueleza hisabati kwa Kiswahili bila kujificha kama wanafanya magendo, na Kiingereza kifundishwe vizuri kama lugha, na walimu waliolipwa vizuri. Na magazeti yetu, yenye kurasa nzima za nani kamwacha nani, yatenge nusu ukurasa kwa wiki kwa ajili ya hisabati na sayansi. Kwa Kiswahili. Mimi nitaandika bure mwaka wa kwanza.

Kaka mhariri, najua unapita humu kimyakimya. Makala yangu ninayo bado, na hisabati sijaitoa.